Kizazi kishatolewa miezi 4 sasa lakini kibofu na tumbo la chini vyanimaliza, wenzangu mlifanyaje?

#1 MshonaKofia_Amu

Assalam aleykum nyote, na wasio waislamu hamjambo. Mwenzenu nasoma humu kimyakimya karibu mwaka, leo nimeshindwa nimeona nifungue uzi maana hapa mtaani siwezi kusema, ukisema tu umetolewa kizazi ushakuwa habari ya barazani.

Nna miaka 46, watoto 4, niko Lamu, Langoni. Mwezi wa 2 nilitolewa kizazi Mombasa sababu ya fibroidi, vile vivimbe vya kizazi, damu ilikuwa ikitoka mpaka nikaongezwa chupa 3. Mshono ni ule wa chini wa kulala kama wa sizeria. Ovari wameniachia. Damu imekata alhamdulillah, hapo sina neno, na mwenye fibroidi asome hivo asiogope.

Shida ni nyengine. Nikienda haja ndogo ule mkojo ukifika mwisho kuna kitu chafinya ndani kama mtu anakamua nguo. Nikitoka chooni sijafika mlangoni nataka tena, nikirudi yatoka matone. Usiku naamka mara 4. Na choo kubwa ndo usiseme, siku 4 mpaka 5, na ikija ni vijiwe vijiwe kama mavi ya mbuzi, nakamua mpaka mshono wawaka moto halafu kibofu nacho chaanza kuuma upya. Yaani hata sijui ni kipi kinamuuma mwenzake.

Nimeenda duka la dawa mara 3, kila nikieleza naambiwa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, napewa antibiotiki. Siku mbili nafuu, ya tatu narudi palepale. Hakuna hata mmoja alonipima mkojo.

Kazi yangu ni kushona kofia za mkono, nakaa mkekani kutoka saa 3 asubuhi mpaka adhuhuri sijainuka. Na nimepunguza maji ya kunywa maana nikinywa ndo nakimbia chooni. Mamangu mkwe asema niletewe mkandaji anivute tumbo. Niambieni jamani, hii ndo itakuwa hali yangu?

#2 tuktuk_ya_Maweni

Pole sana dada angu. Mie niko Malindi nilifanyiwa mwaka juzi na hiyo ya kukamua nguo naijua vizuri sana. Wiki za mwanzo nikipanda tuktuk barabara za huku ndani za mchanga na mashimo nilikuwa nakumbatia mto tumboni kama mtoto, dereva anicheka, kila akiruka shimo nahisi kibofu kimebaki nyuma.

Ila hapo kwa maji umekosea shoga angu. Nilifanya hivohivo. Mkojo ukiwa mzito wa manjano ndo wachoma zaidi na kibofu kinakasirika, na hiyo choo ndo inazidi kuwa mawe. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, usibugie jagi zima mara moja, halafu kuanzia magharibi upunguze ulale.

Na chai ya rangi? Kahawa? Mie nilikuwa wa vikombe 5 vya chai ya tangawizi kwa siku. Nilipoacha wiki moja nikaona tofauti, sio kubwa lakini ipo.

#3 kombo_la_ngisi

sasa kizazi kimetolewa kibofu kimeingiaje hapo?? hivo si vitu viwili tofauti

#4 nesi_wa_zamu_ya_usiku

@kombo_la_ngisi swali zuri ingawa umeliuliza vibaya. Nafanya wodi ya kina mama, wapi sitasema.

Kibofu kiko mbele ya kizazi kimekaa kama kimeegemea, na nyuma ya kizazi kuna utumbo wa mwisho ule wa choo. Vyote vitatu nyumba moja ukuta mmoja. Daktari hawezi kutoa kizazi mpaka kwanza akibandue kibofu taratibu akisukume chini, ndo akate. Kwahivo kibofu hakikukatwa lakini kimeshikwashikwa, kimebanduliwa, halafu kikawekewa mpira wa kutoa mkojo siku moja au zaidi. Kuuma wiki kadhaa ni kawaida. Miezi 4 ndo tunaanza kuuliza maswali.

Dada mshona kofia, ningekuwa mbele yako ningeanza na CHOO sio mkojo. Utumbo wa mwisho ukijaa mawe siku 5 unasukuma kila kitu mbele, kibofu kinakosa nafasi, kikijaa kidogo tu kinapiga kelele, na pia hakitoki chote. Nimeona wanawake wengi walotibiwa UTI mara 4 kumbe choo ndo imefunga. Ulipewa dawa gani ya maumivu ulipotoka? Kama ni tramadol au yoyote yenye kodini, hizo zafunga choo vibaya sana. Kama bado wameza uliza kama waweza kubaki na panadol.

La pili, usimeze antibiotiki ya nne. Nenda hospitali sema kwa mdomo wako: nataka mkojo wangu uoteshwe maabara. Sio kile kijikaratasi cha kuchovya peke yake. Unaoteshwa siku 2 au 3 waone kama kuna mdudu na dawa gani yamuua. Na uende KABLA hujameza kitu, ukishameza majibu yaharibika.

La tatu na hili ni kwa kila anosoma hapa: kuna maumivu hayangoji uzi. Ukishindwa kabisa kukojoa na tumbo limejaa. Homa na baridi ya kutetemeka. Maumivu ya ubavuni karibu na mgongo upande mmoja. Tumbo limevimba unatapika na hata upepo hautoki chini. Damu nyingi au usaha wa kunuka ukeni. Mguu mmoja umevimba wauma kwenye misuli ya nyuma. Hapo ni hospitali usiku huohuo hata kama ni kukodi boti, usisubiri asubuhi.

#5 bikizee_wa_Mkomani

Mwanangu pole. Yambo hili mimi nalipata zamani, wewe hujaolewa. Nalikuya na mshono wangu kutoka tumbo hata kitovu, wakati huo ndia ilikuwa si hii ya lami, ni vumbi na mai ya mto, basi lakwama Garsen siku mbili. Nalikandwa na mai moto siku arubaini na leso nikafungwa, na mafuta ya nyonyo nikanywa. Hivi leo nna miaka 71 natembea mpaka Shela kwa miguu.

#6 nesi_wa_zamu_ya_usiku

Bi mkubwa shikamoo, Mungu akuzidishie afya. Maji moto naunga mkono mia kwa mia, kitambaa cha maji moto au chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso chini ya kitovu dakika 15, hiyo yalegeza misuli. Kufunga leso bila kukaza pia sawa. Lakini kuvutwa tumbo na mkandaji akiingiza vidole kwa nguvu HAPANA. Ndani kuna makovu, na juu ya uke walipokata kizazi pameshonwa, pale ndo pasipotakiwa kusukumwa. Na mafuta ya nyonyo ni kuharisha kwa kishindo halafu siku tatu baadaye choo imefunga zaidi, tumbo linasokota bure.

#7 bikizee_wa_Mkomani

Haya mwanangu nimekusikia. Mkandaji asiite, mai moto akandwe. Lakini mpapai uko uani kwangu, atume mtoto.

#8 Magarini_Mum

Nataka kusema kitu na sio kukutisha dada. Yangu ilikuwa siku 11 baada ya operesheni, nimekaa jikoni nachambua mchicha nikahisi leso imelowa. Sikuhisi mkojo, sikuhisi haja, ni maji tu yanatoka. Nikabadilisha, baada ya nusu saa tena. Nilipoenda niliambiwa nimelegea nifanye mazoezi ya kubana. Wiki 3 navaa pedi mbili mbili, nalala na nailoni chini ya shuka, watoto waanza kuniuliza mama mbona chumba chanuka.

Daktari wa pili ndo akanitia maji ya rangi ya buluu kwenye kibofu kupitia mpira, akaniwekea pamba ukeni, pamba ikatoka buluu. Kumbe ni tundu kati ya kibofu na uke, fistula. Niliijua ya kina mama walokaa na uchungu siku nyingi wakati wa kujifungua, sikujua hata operesheni ya kizazi yaweza kuleta. Nikakaa na mpira kwanza, halikuziba, tukasubiri kama miezi 3 kidonda kipoe ndo wakashona. Leo niko kavu. KAVU. Nalala shuka nyeupe.

Tofauti ni hii: wewe wahisi haja na yakuuma. Mie sikuhisi chochote yalikuwa yanatoka tu mchana na usiku. Mwenye hiyo asikubali kuambiwa amelegea mpaka apimwe kwa hiyo buluu.

#9 tuktuk_ya_Maweni

@Magarini_Mum nimelia. Na hiyo ya nailoni chini ya shuka… pole mpenzi.

#10 MshonaKofia_Amu

Wallahi sikutegemea. Nimesoma zote mara mbili. @nesi nilikuwa bado nameza ile tramadol, walinipa ya wiki moja nikaenda kununua tena mwenyewe maana ilikuwa yanilaza. Nimeacha jana. Papai limefika, bi mkubwa ameleta na ukwaju juu. Jumatatu naenda kupimwa, nitawaambia.

#11 Baba_wa_watatu

Samahani nimeingia kwenye uzi wa kina mama. Mke wangu ametolewa kizazi wiki 5 zilopita, tuko Malindi. Anashika tumbo akikojoa na choo hivohivo. Nimeambiwa na wazee nikae mbali miezi 3, wengine wasema wiki 6, sitaki kumuumiza. Na nyumbani nifanye nini hasa, maana nikimuuliza asema hakuna kitu

#12 nesi_wa_zamu_ya_usiku

Hujakosea kuingia baba, ningependa waume wengi waingie. Wiki 6 mpaka 8 usiingie chumbani kwa maana hiyo, na hata zikifika asubiri daktari amwangalie kule juu pamepona. Mara ya kwanza yaweza kuuma, mwende polepole, na kama yauma kwenye kibofu mwache siku nyengine.

Nyumbani: mtungi wa maji ubebe wewe. Ndoo ya nguo wewe. Jiko la mkaa la kuinama wewe au wanao. Usimuulize kama anaumwa, atakwambia hapana, we muulize "umeenda choo leo?" Kama siku ya 3 hajaenda nenda kamnunulie laktulosi, ni ile dawa tamu ya maji, yalainisha bila kusokota kama nyonyo.

#13 Baba_wa_watatu

Kumuuliza mtu kama ameenda choo 😅 haya. Nashukuru.

#14 doti_ya_kanga

Mie nije na kisa cha tofauti kidogo. Mie sikuwa na fibroidi nilikuwa na endometriosis, ile ya nyama ya kizazi kuota nje ya kizazi. Niliambiwa tukitoa kizazi yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka mmoja baadaye kila nikienda choo kubwa ni kisu, na ilikuwa yaja kwa mwezi kama zamani ingawa damu hamna, maana ovari zangu zipo na ile nyama ilobaki kwenye utumbo bado inasikiza ovari. Kwahivo mwenye historia hiyo asikubali kuambiwa "kizazi huna, maumivu yatoka wapi".

Nilifanywa ultrasaundi mara 2 haikuonyesha kitu. Ultrasaundi ya kawaida makovu ya ndani yalonatana utumbo haioni vizuri, ikisema safi sio kwamba wewe muongo.

#15 MshonaKofia_Amu

Narudi. Mkojo umeoteshwa, HAKUNA mdudu. Hata mmoja. Yaani antibiotiki zote tatu nilikunywa bure na pesa yangu. Ubavu wapigwa ultrasaundi, figo safi. Baada ya kukojoa wamenipima kibofu kilichobaki ni kidogo.

Daktari kijana mpole sana akanipa kazi ya nyumbani siku 3: niandike kila nikinywa na kila nikikojoa, na NIPIME. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita nikaikata kichwa, nikachora mistari na kalamu ya biki, nikaiweka chooni. Mume wangu karibu aitupe. Sasa nyie sikilizeni: siku ya kwanza mara 17. Asubuhi ya kwanza 350 mililita, halafu zote zilizobaki 80, 60, 100, 70. Daktari akaniambia kibofu cha mtu mzima chabeba 300 mpaka 500 bila matata na kwenda mara 7 au 8 ni kawaida, na cha asubuhi chaonyesha kwamba nafasi ipo, ila kibofu kimezoea kuita mapema. Siku zile naogopa maumivu nikawa naenda kabla hakijajaa, nacho kikajifunza hivo.

Halafu akaniuliza, ukikaa kushona wakaaje? Nikamuonyesha palepale. Akaniuliza, na hapo umejibana chini? Nikajichunguza, wallahi nilikuwa nimejibana kama mtu anozuia mkojo kwenye boti. Tangu operesheni sijawahi kuachia.

#16 tuktuk_ya_Maweni

HII!! Hata mie nilikuwa najibana bila kujua. Nilikuwa nafanya yale mazoezi ya kubana na kuachia mara mia kwa siku nimeyaona kwenye video, nikazidi kuumwa. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya misuli, ndo akaniambia misuli yangu ya chini haijalegea, imekaza kama ngumi, yahitaji kufundishwa kuachia kwanza. Mazoezi ya kubana ni ya anovujisha akikohoa. Sio kila mtu.

Swali la pesa, hiyo fizio mmelipaje? Mie tangu bima ya afya ya NHIF iende ikaja SHA Oktoba 2024 nimechoka kuelewa, nilitoa mfukoni.

#17 MshonaKofia_Amu

Mfukoni pia. Kofia moja na nusu hivi kwa kila safari ukitia na nauli 😩 nimeenda mara 4 tu, zilobaki nafanya nyumbani.

#18 ummu_wa_Shela

Nauliza la ibada. Mie navuja nikikohoa na nikisujudu. Nimekuwa nikirudia udhu mpaka nachoka nalia.

#19 bikizee_wa_Mkomani

Mwanangu usilie. Mwenye kutokwa na mkojo asoweza kuuzuia ana hukumu yake, ajisafisha, ajifunga, atawadha kila wakati wa sala ukiingia, asali, kitachotoka baada ya hapo hakina lawama. Muulize ustadhi wako akufafanulie usione haya, ni masuala ya vitabuni tangu na tangu. Na kama kusujudu kwauma kaa kitini.

#20 nesi_wa_zamu_ya_usiku

Na Ramadhani ikija mgonjwa ana ruhusa yake, msijifunge choo kwa kujilazimisha. @ummu_wa_Shela ya kwako ndo ile inayofaa mazoezi ya kubana, lakini ukaonwe kwanza. Na ukitaka kukohoa pishanisha miguu ubane kabla, sio baada.

#21 MshonaKofia_Amu

Miezi 2 na nusu tangu nifungue uzi. Wengine mmenitumia ujumbe kuuliza, nawaandikia wote hapa.

Choo: kila siku au siku ya pili. Papai asubuhi, maji moto, kunde au mchicha mchana, tende chache, na laktulosi niliyoipunguza polepole mpaka kijiko kimoja. Maharagwe niliyaacha mwezi mmoja sababu ya gesi, gesi ikinishika ilikuwa yanifikia mpaka kwenye mshono. Nimerudia sasa.

Lakini kitu kilonisaidia kuliko dawa mtacheka. Baada ya operesheni sikuweza kuchuchumaa, mume wangu akaweka choo cha kukaa. Mie mfupi, miguu yaning'inia. Fizio akasema weka kitu chini ya miguu magoti yapande juu kuliko nyonga, egemea mbele, viwiko magotini, achia tumbo, pumua kama wapuliza uji, usikamue. Sasa kitu gani? Nikatazama jikoni nikaona mbuzi. Ya kukunia nazi. Nikaikunja nikaenda nayo chooni. Jumapili ile mamangu mkwe ataka kupika samaki wa kupaka, watafuta mbuzi nyumba nzima, wamtuma mtoto kwa jirani, mara nasikia kelele chooni "ASTAGHFIRULLAH mbuzi yafanya nini hapa!" Nikamueleza. Akanyamaza. Akasema basi ndo maana nyama ya ndani yako yatulia. Kesho yake akanunua nyengine sokoni akaja akaniambia ile ya kale usiirudishe jikoni kwangu maisha.

Kibofu: nikihisi haja na sio wakati, sikimbii. Nakaa, nabonyeza visigino chini, nahesabu mishono 50 ya kofia, nikimaliza ile haja mara nyengine imepita. Nilianza kuchelewesha dakika 5, saa hizi nafika masaa mawili na nusu kati ya safari na safari ya choo. Chupa yangu ya mistari yasoma 250, 280. Usiku mara 1. Na kila saa nainuka mkekani nikitaka nisitake.

Haijaisha yote. Nikipanda boti ya Mokowe na bahari imechafuka, au nikikaa basi mpaka Malindi, jioni yake kibofu chaniuma na nalala na chupa ya maji moto. Wiki ilopita nilikunywa kahawa mbili harusini nikalipa usiku kucha. Ila sijameza antibiotiki hata moja.

#22 doti_ya_kanga

Mishono 50! Mie nahesabu tasbihi. Hongera dada.

#23 Baba_wa_watatu

Wife anasoma hapa begani mwangu auliza hiyo mbuzi ina kimo gani maana yetu ya hapa ni ndefu

#24 MshonaKofia_Amu

Shubiri moja hivi ikiwa imekunjwa. Na mwambie aung'oe ule ulimi wa chuma kwanza, mie wangu nilisahau siku ya kwanza nikakwaruzwa mguu gizani 😂